IST yangu inawasha taa ya injini, kodi (namba ya hitilafu) P0011. Sensa nimebadilisha mara mbili, bado ipo

Mwana_Kizota
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST, injini 1NZ. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Dodoma kwenda Morogoro, pale Kibaigwa nikakwama nyuma ya malori ya mahindi karibu nusu saa. Gari ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, mshale wa mzunguko unapanda unashuka, taa ya injini ikawaka. Foleni ilipofunguka nikakanyaga mafuta, ikatulia, nikafika Gairo kama hakuna kilichotokea.

Kuipima na mashine ikatoa P0011. Fundi akasema sensa ya kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu za injini, nikanunua. Siku tatu, taa ikarudi. Akasema ile ilikuwa feki, nikanunua nyingine. Ikarudi. Sasa anataka laki nne na nusu afungue injini abadilishe cheni ya taimingi. Asubuhi ikiwa baridi haina shida kabisa. Ni mpaka ipate moto, halafu nisimame. Nimpe hela?

Bwana_Spana
Usimpe kwanza. P0011 maana yake kompyuta inaona kamshafti imetangulia kuliko ilivyoagizwa. Nani kaipa kompyuta taarifa hiyo? Sensa hiyohiyo. Umemfukuza kazi mlinzi aliyepiga filimbi, mwizi bado yumo ndani. Sensa yenyewe ikifa, kodi unayotegemea kuiona ni P0340.

Swali: oili gani iko humo, na imewekwa lini?

Kijana_Area_D
Uza hiyo, nunua bodaboda. Haina kamshafti ya kutangulia mtu.

Bwana_Spana
Kamshafti inayo, wewe. Tuachie uzi.

Mwana_Kizota
😂 Oili ni 20W-50. Fundi alisema gari ya zamani na jua la Dodoma inataka nzito. Imetembea kama kilomita 9,000. Nimetoka kuchomoa kijiti sasa hivi, iko chini ya alama ya chini. Najua, msinipige.

Bwana_Spana
Basi ndiyo hapo. VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inasukumwa na oili. Kuna valvu ya umeme, mafundi tunaiita OCV, inapeleka oili kwenye gia ya kamshafti ili iende mbele au irudi nyuma. Gari ikiwa imesimama inaunguruma tu, kamshafti inatakiwa iwe imerudi nyuma. OCV ikikwama kwa tope, inabaki mbele, moshi unarudi kwenye hewa safi, injini inakosa pumzi na kutetemeka. Ukiwa kasi huoni kitu, kwa sababu huko inatakiwa iwe mbele hata hivyo. Ndiyo maana Gairo ulipanda vizuri.

Fanya hivi. Chomoa OCV, ina boliti moja na plagi ya nyaya mbili. Pima kwa mita, ikiwa baridi isome kati ya omu 6.9 na 7.9. Kisha igusishe umeme wa betri sekunde moja tu, utaona kipini cha ndani kinaruka na kurudi. Kikisitasita, osha kwa dawa ya kusafishia kabureta. Na usisahau kichujio chake cha wavu, kidogo kama kofia ya kalamu, kiko chini ya boliti yake kwenye hedi, kichwa cha injini. Mafundi wengi hawajui hata kama kipo.

Mjomba_wa_Manyoni
Msimdharau huyo fundi moja kwa moja. Cheni ya 1NZ nayo huvutika.

Bwana_Spana
Kweli mjomba. Ila cheni iliyolegea utaisikia asubuhi inakwaruza unapowasha, na mara nyingi inakuja na P0016, kodi ya kamshafti na krenki kutopatana. Yeye asubuhi yuko kimya. Tuanze na cha bei ndogo.

Mama_Nzuguni
Kaka, la kuongezea: usikubali mtu akuwekee dawa ya kuflashi, yaani kuosha injini kwa ndani, wala dizeli. Raum yangu waliiflashi, tope lote likabanduka kwa mpigo, likaziba chujio la kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Taa nyekundu ya oili ikaniwakia porini usiku na watoto ndani. Heri ubadilishe oili mara mbili za karibu karibu, itoke taratibu.

Bwana_Spana
Dada kamaliza. Weka 5W-30, oili nyepesi, lita 3.7 pamoja na filta mpya.

Mwana_Kizota
Mrejesho, wakuu. Jumamosi tumefungua. OCV ilisoma 7.3, kumbe umeme hauna kosa. Lakini kipini kilikuwa kinatoka na hakirudi mpaka nikigonge. Kile kichujio, wavu hauonekani, kimejaa kitu cheusi kama masizi ya chini ya sufuria. Tumeosha vyote, oili mpya, kodi tumefuta. Jana nimeiacha inaunguruma dakika 40 na AC juu, saa nane mchana. Imetulia tuli. Oili hii naimwaga baada ya kilomita 1,000, kama Mama Nzuguni alivyosema.

Sensa mbili nzima ninazo nyumbani, mwenye P0340 ya kweli anitafute.

Kijana_Area_D
Bodaboda haina sensa hiyo.