Mliowahi kushuti filamu ya kuchekesha ya familia Lamu au Malindi, tupeane uzoefu

Bint Langoni
Assalam aleykum jamani. Jana usiku watoto walikuwa wakitazama filamu ya vichekesho, wanacheka mpaka wanagaragara mkekani. Mimi nikakaa kando nakumbuka siku 9 tulizoshuti ya kwetu hapa Langoni, Lamu, nyanya akiwa ndiye nyota. Mtu huona kicheko cha dakika 2, hajui yaliyopita nyuma ya kamera. Sisi lililotutoa jasho ni sauti. Tukianza kurekodi, boti linapita gatini, ama wakati wa swala umeingia. Adhana hatukutaka kuikata wala kuifunika. Tulikuwa tunazima, tunaswali, tunarudi. Lakini punda! Akilia mmoja, mtaa mzima wanamuitikia, na nyanya keshasahau alipofika. Haya, waliopitia semeni.

Fundi Sauti wa Malindi
Dada, kabla ya kuondoka mahali popote, waambie watu wote wanyamaze dakika 1 na urekodi ule ukimya wa hapo. Huo ndio utakaozibia mapengo ukienda kuunganisha. Maiki ndogo ifiche ndani ya kanzu, lakini ubandike nguo isisugue. Na upepo wa kusi usikudanganye: masikioni unausikia mtamu, kwenye maiki ni kama lori.

Kijana wa Maweni
Sauti ya nini yote hiyo? Shuti kimya, mtie sauti baadaye studio.

Bint Langoni
Mdogo wangu, umewahi kumweka nyanya wa miaka 70 na kitu studio arudie mzaha alioutoa uani bila kuandikiwa? Sisi tulijaribu. Maneno yalikuja, roho yake haikuja.

Nahodha Shela
Yangu ni maji. Familia inakwenda harusini kwa mashua, baba anajikwaa anatumbukia na sinia la pilau. Asubuhi maji yamejaa, tukapiga kipande cha kuanguka. Tukala, tukajadiliana, tukarudi saa 8 mchana kumalizia anavyopandishwa. Maji yamekupwa. Baba kaanguka kwenye maji ya kifuani, sasa kasimama kwenye tope, na mashua imelala ubavu. Tukasema basi, kesho saa ile ile. Kesho saa ile ile maji hayakuwa yale yale, kwa sababu kila siku yanachelewa karibu dakika 50, na tulikuwa tunaacha bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu. Mwalimu wangu wa bahari ni baba mzazi, na nilimsikiliza kila kitu isipokuwa siku hiyo. Pilau tulipika mara 3.

Mama Watatu
Hapo kwa pilau nakuunga mkono. Chakula cha filamu ndicho kinachomaliza pesa.

Kijana wa Maweni
Na vibali je? Mimi nilidhani ukiwa na kamera yako na ndugu zako inatosha.

Fundi Sauti wa Malindi
Haitoshi. Kibali cha kushuti unaomba Tume ya Filamu. Filamu ikiisha, Bodi ya Kuainisha Filamu inaitazama, na ya familia unataka ipate ile GE ya watu wote. Kushuti ndani ya Ngome ya Lamu, zungumza na Makumbusho ya Taifa mapema. Droni ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Usingoje siku ya kushuti, watu 14 wamekaa juani wanakutazama.

Mwana wa Mkomani
Nimesoma nikasema leo nitalitoa, maana limenikaa miaka.

Filamu yetu ilikuwa ya mume bahili anayehesabu njiti za kibiriti. Mume aliigiza shemeji yangu. Mke aliigiza dada yangu, ambaye ni mkewe wa ndoa kweli. Tulifanya hivyo kwa heshima, tusimweke mwanamke wa watu na mwanamume asiye wake, na wazee wakaturidhia. Sasa kwenye skripti, mume anakuta mkewe kampa jirani samli yote. Anapandwa na hasira, anatamka neno la talaka, "Nimekuacha!" Halafu anakumbuka mahari aliyobakiza hajalipa, anaanza kubembeleza. Niliandika mimi, na niliona hicho ndicho kicheko cha filamu nzima.

Tulishuti uani, alasiri. Mara ya kwanza kamera ikatikisika. Mara ya pili mtoto akapita. Mara ya tatu akalisema vizuri kabisa, hasira mpaka kwenye shingo, nami kwa furaha nikapaza sauti, "Hapo hapo!" Nikageuka, nikamwona mama kasimama mlango wa jikoni. Alikuwa akitukandia unga wa mahamri, mikono yote myeupe. Hakuniuliza kitu. Alimwendea dada, akamfunika mtandio, akamwambia, "Twende zetu mwanangu. Umeachwa mara tatu na mimi nasikia." Tulikuwa watu 11 pale uani na hakuna aliyejibu. Shemeji alikaa chini palepale kwenye sakafu.

Dada alilala kwa mama usiku 4. Mtoto wao, wa miaka 5, kila magharibi anauliza mbona baba haji kula. Tukaenda kwa shekhe. Akauliza mambo ambayo sikuyafikiria: alimtaja kwa jina lake au la kwenye hadithi? Maneno ni yake au kaandikiwa? Nikampa skripti, jina la mke lilikuwa la kubuni. Akashauriana na wenziwe, kisha akatuita. Akasema huyu alikuwa akisimulia maneno ya mtu mwingine, ndoa ipo. Lakini alinitazama mimi, si shemeji: "Wewe uliyeandika, usimsimamishe tena mtu mlango huu."

Mama Watatu
Subhanallah. Nimesoma nimesimama.

Mtu wa Matondoni
Pole ndugu, ila shekhe wenu kalegeza. Nikahi, talaka na kumrejea mke, mzaha wake ni kweli. Sote tumefundishwa madrasa.

Bint Langoni
Mzaha na kuigiza si kitu kimoja. Anayetania anasema na mkewe. Muigizaji anasema na mtu wa hadithi.

Mtu wa Matondoni
Na aliyesimama mbele yake alikuwa nani? Mtu wa hadithi au mkewe?

Bint Langoni
Basi na anayesoma kitabu kwa sauti mkewe akiwa chumbani, naye kaacha?

Nahodha Shela
Jamani, wanazuoni wenyewe wana kauli tofauti, sisi hatutalimaliza hapa. Mwenye jambo hili aende kwa shekhe wake au kwa Kadhi. Msimtie ndugu yetu wasiwasi upya, keshajibiwa.

Fundi Sauti wa Malindi
Dawa ni mume na mke wasiigize pamoja.

Mama Watatu
Dawa ni waigize pamoja, ila neno lile lisitamkwe kabisa. Kwani hasira lazima isemwe? Mtoe mke na sanduku lake mlangoni, kila mtu ataelewa.

Kijana wa Maweni
Mwana wa Mkomani, kile kipande mlikitia?

Mwana wa Mkomani
Hapana. Nilikifuta mbele ya mama, akiangalia. Tukafanya kama anavyosema Mama Watatu, kabla sijausikia ushauri wake: mume anatoa sanduku la mke kwa hasira, analifunga juu ya punda. Akikumbuka mahari, punda keshaondoka, naye anamkimbiza vichochoroni mpaka uwanja wa Mkunguni, kanzu kaishika kwa meno. Mama ndiye aliyecheka wa kwanza. Dada alikuwa amekaa karibu yake.

Bint Langoni
Na huyo punda mlimfanyaje akaondoka mlipotaka? Wetu aligoma siku nzima.

Mwana wa Mkomani
Alikuwa wa ami yangu. Peke yake hasogei. Mtangulize mwenziwe mbele, nje ya kamera, atamfuata. Njoo na wawili.