Naomba maneno ya Kiingereza ya kuongelea ukoloni, dini na uhuru. Mwisho Jumamosi

KijanaWaBuguruni:
Habari za jioni wakuu, poleni na foleni.

Jumamosi saa tatu asubuhi nina kazi ya kuongea mbele za watu kwa Kiingereza. Historia naifahamu, tatizo naifahamu kwa Kiswahili. Nahitaji maneno ya kuelezea vitu vitatu: utawala wa kikoloni, watu kugawanyika kwa sababu ya dini, na nchi kupata uhuru. Sitaki ya kukariri ya kidato cha pili. Nataka yale ambayo mtu mzima akiyasikia hatakunja uso. Programu ya kutafsiri ya kwenye simu nimeshaitumia na ndiyo iliyonifikisha hapa.

Naomba kuwasilisha.

MzeeWaKipunguni:
Kijana, Kiingereza si akili. Wachina wanatujengea barabara na hawakijui. Soma vitabu, acha kushinda kwenye simu.

FundiJipsamu:
Nchi ikigawanywa Wazungu wanasema "partition". Hiyo mimi nafunga kila siku. Jipsamu futi nane kwa nne, ofisi ya Kariakoo siku mbili imekwisha na mlango juu. Nchi nzima sijajua itakula bodi ngapi.

BintiKisutu:
Fundi anatania, ila neno ni lenyewe. Upanga tulikuwa na jirani, bibi wa Kipunjabi, mzaliwa wa Lahore. Watu wengine wakisema 1947 ni mwaka India ilipopata uhuru, yeye alisema ni mwaka wa "Partition", India kukatwa kwa sababu ya dini ikatoka Pakistan, basi. Tarehe 15 Agosti kwake haikuwa sherehe. Mstari wa mpaka ulichorwa na mwanasheria wa Kiingereza, Radcliffe, ambaye hakuwahi kukanyaga India kabla ya kazi hiyo, na ulitangazwa tarehe 17, uhuru ukiwa umeshapita siku mbili. Watu walipandisha bendera bila kujua wako nchi gani. Bibi alikuwa na funguo ya nyumba ya kwao kwenye bati la biskuti, pamoja na sindano na nyuzi. Ukienda kuazima sindano unaiona.

Samahani, nimetoka nje ya mada.

MwalimuMstaafu:
Hujatoka, binti. Mleta mada, unaongea na nani hiyo Jumamosi? Maneno haya hayajibiwi hewani. India fujo za kidini wanaziita "communal". Mtanzania akilisikia neno hilo anafikiria jamii, kijiji, bomba la maji la pamoja. Kule linabeba damu. Ayalandi wanasema "sectarian". Kwa hiyo tuambie msikilizaji.

KijanaWaBuguruni:
Shikamoo mwalimu. Ni wageni tu.

MwalimuMstaafu:
Marahaba. Wageni wa wapi?

KijanaWaBuguruni:
Wa Ulaya.

MpembaAsilia:
Ulaya kubwa hiyo, kaka. Sema.

KijanaWaBuguruni:
Sawa wakuu, nafunguka. Natembeza watalii kwa miguu hapa mjini. Tunaanzia Mnazi Mmoja kwenye mwenge, tunapita Kisutu kwenye mahekalu, Sanamu ya Askari, tunamalizia Kivukoni kwenye makanisa yale mawili ya Wajerumani. Nimepata kundi la watu sita wanaokwenda Zanzibar, watalala Dar siku moja. Namba yao ya simu inaanza na 44 na nikajua 44 ni Uingereza. Nikaandika meseji nzuri ya kuwakaribisha, nikaipitisha kwenye ile programu. Kwa Kiswahili niliandika "tunawakaribisha Waingereza, waliotutawala zamani na sasa ni marafiki". Ikatoka na neno "masters", yaani mabwana, ndani yake. Nikatuma.

Majibu yalikuja baada ya saa nne. "We are Irish." Maneno matatu na nukta. Hakuna emoji.

FundiJipsamu:
Hahahahahaha nukta!

MpembaAsilia:
Ewe Mola. Hiyo ni sawa na kumwita Mpemba Mzaramo, halafu ukamshukuru kwa kukutawala.

KijanaWaBuguruni:
Sasa mimi ningejuaje? Kwetu Uingereza ni yote. Wa London Mwingereza, wa Scotland Mwingereza, anayekunywa chai na maziwa Mwingereza. Na nimeshapanga, Jumamosi nampeleka mdogo wangu, mimi simu nazima. Ninachoomba ni maneno ya kumwandikia yeye kwenye karatasi.

MamaWawiliTabata:
Mdogo wako kakosa nini?

MzeeWaKipunguni:
Una leseni ya kuongoza watalii lakini? Vijana mnaharibu jina la nchi.

BintiKisutu:
Warudishie pesa yao, uombe radhi, yaishe.

KijanaWaBuguruni:
Dada, nusu walishatuma, dola 60. Ilikuta mwenye nyumba kasimama mlangoni. Pesa imelala kwenye kodi, haiamki.

PadriHakuniona:
Mimi nilisoma Moshi, padri wetu mmoja alitoka Ayalandi. Mzee mpole, anatibu hadi mbuzi. Kuna mwanafunzi mpya akamwambia "ninyi Waingereza mmetuletea dini". Padri akaweka chaki mezani taratibu, akatoka, akatembea hadi kwenye migomba, akarudi na macho mekundu. Kipindi kizima kilichobaki alitufundisha jinsi Waingereza walivyoitawala Ayalandi karne nyingi kabla hawajajua Kilimanjaro iko wapi. Hesabu za siku ile hatukuzisoma tena. Tangu hapo kila tulipokuwa na jaribio la hesabu, mmoja wetu alitumwa kumwita Mwingereza.

FundiJipsamu:
Nimecheka hadi bosi kageuka.

MwalimuMstaafu:
Tuache kucheka kidogo, kijana ana siku tatu. Kosa lake si Kiingereza. Kiswahili chetu ndicho kimemfunga: neno "Uingereza" limemeza nchi nne, na "uhuru" limemeza maneno mawili. Mtu akitoka gerezani ni "freedom". Nchi ikishusha bendera ya mgeni ni "independence". Sisi vyote uhuru. Kwenye nembo ya taifa, "Uhuru na Umoja", kwa Kiingereza ni "freedom". Ukiwaonyesha mwenge wa Mnazi Mmoja unasema "independence".

Ukoloni nao una ngazi zake. Mjerumani hapa alikuwa na koloni kweli, na watu walipoinuka 1905 hadi 1907, Maji Maji, vitabu vya watawala viliandika "rebellion", yaani uasi, kana kwamba mtu anaweza kumwasi mwizi nyumbani kwake. Wewe sema "uprising" au "war". Waairishi watakuelewa haraka, maana mapambano yao ya Dublin ya 1916 wanayaita "Rising". Mwingereza yeye Tanganyika hakuichukua kama koloni kisheria. Alipewa na Shirika la Mataifa kama dhamana, "mandate", na tangu 1946 ikawa "trust territory", nchi ya udhamini, chini ya Umoja wa Mataifa. Zanzibar ilikuwa "protectorate", yaani nchi lindwa, tangu 1890. Majina matatu, na mpagazi aliyebeba mzigo hakuona tofauti. Hilo nalo waambie.

Halafu kuna neno "plantation". Ukiwaambia tulikuwa na "plantations" za mkonge Tanga, ni sahihi. Lakini Mwairishi kwanza atafikiria Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, kuanzia 1609, ambako kilichopandwa kilikuwa watu: Waprotestanti kutoka Scotland na England waliopewa ardhi ya wenyeji Wakatoliki. Mgawanyiko wao wa dini una mizizi hapo. Hawakugombana juu ya rozari, waligombana juu ya nani ana shamba la nani.

KijanaWaBuguruni:
Mwalimu Mungu akuzidishie. Nanakili kwenye daftari. Kwa hiyo nikiwaita wote Waairishi nimemaliza? Maana wako nane na sitaki kurudia.

SintofahamuTu:
Hapo hapo. Wakuu tunapigwa chai hapa. Juu kasema sita, sasa nane. Nimepita kwenye nyuzi zake. Mwezi wa nne aliandika, nanukuu, "Kiingereza kwangu ni kama maji". Mwezi wa sita alikuwa anauza friji Gongo la Mboto. Leo ni mtembeza watalii hajui Ayalandi. Hii ni kazi ya chuo, kuna mhadhiri mahali kampa swali, na mwalimu wetu keshamwandikia kurasa mbili bure.

MamaWawiliTabata:
Na mimi nilishangaa mtalii gani anajibu na nukta.

MzeeWaKipunguni:
Nilisema asome vitabu.

MpembaAsilia:
Mie naamini. Aibu kama hiyo haitungiki.

KijanaWaBuguruni:
Friji ilikuwa ya shemeji. "Kama maji" ulikuwa uzi wa kutafuta kazi, nani anaandika kwenye uzi wa kazi kwamba Kiingereza chake ni kama tope? Na sita ni waliolipa. Wawili walijiunga jana, bado hawajalipa, na ndiyo hao wananinyima usingizi. Sikutaka kuwasema kwa sababu mtaniambia niachane na kazi na mimi siachi.

Wanatoka Belfast. Mume na mke. Mwanamke aliandika kwenye kundi "some of us are Irish". Mumewe akaweka kidole gumba.

SintofahamuTu:
Mkuu, mbona hilo hukulisema kwanza?

KijanaWaBuguruni:
Kwa sababu sikulielewa.

MwalimuMstaafu:
Sasa ndiyo tumefika kwenye jipu. Mwaka 1921 Ayalandi iligawanywa. Kaunti sita za kaskazini, ambako Waprotestanti walikuwa wengi, zikabaki na Uingereza, na Belfast ndiyo mji wao mkuu. Zilizobaki zikawa dola huru 1922 na jamhuri 1949. Kule kaskazini tangu mwisho wa miaka ya 1960 watu walipigana karibu miaka 30, wakafa zaidi ya 3,500, hadi Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998. Mkataba huo unasema mzaliwa wa kule ana haki ya kujitambulisha kama Mwairishi, Mwingereza kwa maana ya "British", au vyote viwili. Kwa hiyo ndani ya ndoa moja unaweza kuwa na majibu mawili, na wewe huna ruhusa ya kuchagua. Unauliza, au unakaa kimya.

Na maneno mawili yaogope. Hapa "nationalist" ni sifa, ni mpigania uhuru. Belfast ni upande: anayetaka Ayalandi iwe moja, mara nyingi Mkatoliki. "Unionist" ni upande wa pili, anayetaka kubaki na Uingereza, mara nyingi Mprotestanti. Usije ukajisifu mbele yao kwamba wewe ni "unionist" kwa sababu unapenda Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.

KijanaWaBuguruni:
Mwalimu, hiyo sentensi ilikuwa kwenye karatasi ya mdogo wangu. Namba tano.

FundiJipsamu:
Mdogo wako angerudi amefungwa jipsamu.

BintiKisutu:
Nenda mwenyewe. Wapeleke kwenye Sanamu ya Askari, usimame, usihubiri. Waambie pale Wajerumani waliweka sanamu ya gavana wao, Wissmann, Waingereza walipouchukua mji 1916 wakaiondoa, na 1927 wakamweka huyu askari wa shaba na bunduki yake. Maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Waache wasome wenyewe. Watu waliokulia kwenye mji wa bendera mbili wanajua kusoma sanamu.

PadriHakuniona:
Halafu Kivukoni Kanisa la Kilutheri la Azania Front na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, ni mwendo mfupi tu kati yake. Wewe ongea kuhusu vigae vya paa.

KijanaWaBuguruni:
Nimeandika hivi kwa Kiswahili, mwalimu nisaidie kuigeuza, ile programu siigusi tena: "Samahani kwa meseji ya kwanza. Nilidhani nawajua kabla sijawauliza. Waingereza walikuja kwetu pia. Jumamosi nitawaonyesha walichoacha, na nitafurahi kusikia ninyi mnajiitaje."

MwalimuMstaafu:
Sitagusa kitu isipokuwa "walikuja". Mgeni ndiye anayekuja. Andika "walitutawala". Nakutumia Kiingereza chake pembeni.

MamaWawiliTabata:
Na mdogo wako mnunulie soda.

KijanaWaBuguruni:
Nimetuma. Tiki mbili za bluu. Wanaandika.

Wameacha.

Wanaandika tena.

SintofahamuTu:
Bado nasema ni chai, ila sitoki hapa.

KijanaWaBuguruni:
Yule mume wa Belfast kajibu! Kasema yeye ni "British", mke wake "Irish", watoto wao hawajaamua, na wote wanane watakuja na viatu vya kutembelea. Kalipa na ya kwao. Ila kauliza swali na sijui nijibu vipi: kasoma kwamba tarehe 9 Desemba 1961 tulipata uhuru, anataka kujua ni uhuru wa Tanzania, wa Tanzania Bara, au wa Tanganyika, maana kila anaposoma anakuta jina tofauti.

MpembaAsilia:
Hilo wote tulieni. Nipeni mie namba yake.