Luka 3:7-14 kwenye jumuiya: tutokeje kwenye "tujitahidi"?

Mwenyekiti wa Jumuiya (swali)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumamosi hii tafakari ya jumuiya ni Luka 3:7-14, Yohana Mbatizaji na wale waliomwuliza "Tufanye nini basi?" Tunaanza saa 12 asubuhi, tunakuwa kama watu 12 hadi 15, na tafakari ina dakika 30 tu kabla watu hawajawahi makazini. Wamo mama wa genge, bodaboda, mwalimu, fundi cherehani, askari mmoja na vijana wawili wa kipaimara. Tatizo ni lilelile: msomaji akimaliza, wawili wanahubiri, wengine wanaitikia amina, mwisho "tujitahidi kumcha Mungu", tunafunga. Nifanyeje neno lifike gengeni na kijiweni? Na huyo askari, mstari wa 14 nampitishaje bila kumwaibisha?

Mwinjilisti wa Mtaa

Amina, Mwenyekiti. Kwanza acha kufungua na "neno limekugusaje?" Swali hilo ni mwaliko kwa mwenye maneno mengi, na aliye kimya atazidi kunyamaza. Fungua na andiko lenyewe. Lisomwe mara mbili na watu wawili, mmoja Biblia ya Union, mwingine Habari Njema, wengine wasikilize tu. Dakika 5 zinatosha.

Kisha uliza vitu ambavyo mtu anajibu akiwa ameweka kidole kwenye mstari. Wameuliza makundi mangapi? Kila kundi limejibiwa nini? Wape vijana wa kipaimara kazi hiyo, wataipata: makutano (10-11), watoza ushuru (12-13), askari (14). Swali ni moja, majibu ni matatu, na kila jibu limekatwa kwa kipimo cha kazi ya mwulizaji.

Hapo simama kidogo, ndipo penye utamu wa somo. Mtoza ushuru hakuambiwa aache kazi. Enzi zile mtu aliweza kununua haki ya kukusanya ushuru wa eneo, akalipa mbele, kisha akarudisha fedha yake kwa wananchi. Alichotoza zaidi kilikuwa chake. Yohana anagusa palepale: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari naye habadilishiwi kazi, anakatazwa kudhulumu na kushitaki kwa uongo, na anaambiwa atoshewe na mshahara wake. Walutheri tumelishika hili tangu mwanzo: Ungamo la Augsburg, tamko letu la imani la 1530, kifungu cha 16, linasema Mkristo anaweza kushika madaraka ya serikali, kuwa askari, kununua na kuuza.

Sasa dakika 12 za kazi. Wagawe watatu watatu, swali moja tu: "Kama mtu wa kazi yangu angekuwa pale mtoni, angeambiwa nini?" Jibu liwe sentensi moja yenye kitu cha kushikika. "Kuwa mwaminifu" lirudishe. "Kopo la kupimia lisibonyezwe kitako", hilo lipokee. Bodaboda: nauli tuliyopatana asubuhi isipande tukifika kwa sababu mvua imeanza. Fundi: kitambaa kilichobaki ni cha mteja. Mnunuzi wa mazao: gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, lisihesabiwe gunia moja.

Mama Katekisimu

Nakubaliana na Mwinjilisti, ila mpango wake ukiishia hapo watu wataondoka na sheria mpya 15 mfukoni. "Tujitahidi" itakuwa imerudi, safari hii imevaa nguo za kazi. Tatizo lenyewe liko kwenye kipande kilichokatwa. Ukiishia mstari wa 14 unabaki na shoka penye mizizi ya mti (mstari wa 9) bila yule anayekuja, Kristo. Someni hadi wa 18. Na usiruke wa 3 uliotangulia: ubatizo wa toba uletao ondoleo la dhambi. Matunda yanatoka kwenye mti, hayaufanyi mti. Mtu aliyegundua pale kwamba kopo lake limebonyea anahitaji kusikia sentensi mbili: hiyo ni dhambi, na Kristo ameichukua. Ya pili kiongozi aitamke mwenyewe, waziwazi, asiiache watu waibuni. Sehemu ya Ubatizo kwenye Katekisimu Ndogo, kitabu cha mafundisho cha Martin Luther, inafaa kusomwa hapo, ile ya Adamu wa kale kuzamishwa kila siku kwa toba. Ni dakika moja.

Halafu mwisho tumia njia ambayo Luther alimwandikia kinyozi wake Peter mwaka 1535. Alimwambia achukue amri au andiko alisokote kama shada la nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba, ombi. Kwa mstari wa 11, "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu", inakuwa hivi. Fundisho: Mungu anataka cha ziada changu kimfikie jirani. Shukrani: asante kwa kabati lenye nguo. Toba: nimelimbikiza nisizovaa. Ombi: nionyeshe wa kumpa wiki hii. Watu wanne, uzi mmoja kila mtu, sentensi mbili zisizidi. Wale wahubiri wako wawili wape shukrani na ombi. Ukiwapa fundisho umekwisha. (Katika barua hiyohiyo Luther anasema kinyozi anayepiga soga huku akinyoa anaweza kumkata mtu mdomo, pua, hata koo. Kijiwe chochote cha kinyozi kinamwelewa.)

Jambo dogo la hesabu: mkigusa "Usiibe", kwetu ni amri ya 7. Jirani aliyetoka Anglikana au Sabato ataiita ya 8, na mtapoteza dakika 10 mkibishana. Sema mapema kwamba maneno ni yaleyale, mgawanyo wa namba tu ndio tofauti.

Mzee wa Kanisa

Kuhusu askari. Usimtazame mstari wa 14 unaposomwa, na usimwulize yeye. Makundi yakigawanywa, kila mtu azungumzie *kazi yake mwenyewe*, marufuku kuzungumzia ya mwenzake. Sheria hiyo itangazwe kabla ya kuanza, la sivyo mama wa genge ataeleza trafiki wanavyopaswa kuishi na askari ataeleza bei ya nyanya.

Pia "mtu wa kazi yangu angeambiwa nini" si sawa na "mimi nimefanya nini". Shikilia la kwanza. Akitokea mtu anaanza kutaja rushwa aliyopokea juzi, mkatize kwa upole: "Hilo mpelekee mchungaji." Kanisa letu lina maungamo ya faragha, na mchungaji amefungwa na siri yake. Jumuiya haijafungwa na kitu. Yaliyosemwa saa 12 asubuhi yatakuwa sokoni saa 4. Mwongozo wa kujipima upo kwenye Katekisimu Ndogo, sehemu ya maungamo: angalia nafasi yako kwa Amri Kumi, kama wewe ni baba, mama, mtoto, bwana au mtumishi. Uwape wakasome nyumbani.

Mwenyekiti wa Jumuiya

Nashukuru sana. Nimepanga hivi: kusoma 5, maswali ya kidole 6, makundi 12, mistari 15-18 na Ubatizo 3, nyuzi nne 4. Ni 30 kamili, wimbo haujaingia.

Mwinjilisti wa Mtaa

Wimbo chukua kwenye muda wa matangazo, ubeti mmoja. Makundi yakizidi dakika 12 usiwaongeze, wakatize hata kama yamenoga. Asiyepata sentensi yake atamalizia njiani.

Mama Katekisimu

Na zile 3 za injili usiziguse hata mkichelewa. Punguza maswali ya kidole.