Mdogo wangu kapinda shingo baada ya dawa ya kutapika, msaada wa haraka

Mgosi wa Ngamiani: Wakuu, niko Tanga, nimechanganyikiwa. Mdogo wangu wa kike, miaka 19, tangu juzi anatapika na tumbo linamsokota. Jana nikaenda duka la dawa nikapewa metoklopramidi za miligramu 10, moja kutwa mara tatu. Yeye kwa kutaka kupona haraka akameza mbili mbili. Leo shingo imepinda kushoto hairudi, macho yamegeuka juu, taya limekaza. Ila akili anazo, analia na kunijibu. Shangazi kasema hilo ni jini, keshaleta maji ya kombe (aya za Kurani zilizoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya kunywa). Nifanyeje?

Bibi Shamba: Pole mwanangu. Mchemshie tangawizi, kichefuchefu kitakata.

Nesi wa Zamu: Bibi, taya limekaza, atapaliwa! Asinyweshwe kitu. Mgosi, mpeleke hospitali SASA na pakiti ubebe. Dawa hiyo huzuia dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo, ndivyo inavyotuliza kutapika, na ndivyo inavyoweza kukaza misuli ya shingo na uso. Huwapata zaidi vijana, hasa wa kike, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Inatibika, lakini koo likibana pumzi zitasumbua. Asiguse kidonge kingine.

Kidume: Ilinipata nikiwa chuo. Wenzangu wa hosteli walinikemea mapepo usiku kucha. Asubuhi sindano moja tu, kimya.

Mgosi wa Ngamiani: Tumerudi. Kachomwa prometazini, hazikupita dakika 20 shingo ikarudi katikati. Daktari kaandika kwa wino mwekundu kwenye daftari la mdogo wangu: asipewe tena metoklopramidi.

Nesi wa Zamu: Alhamdulillah. Na kutapika kwenyewe? Walipima malaria na mimba? Dawa ya kutapika haitibu kinachomtapisha.

Mgosi wa Ngamiani: Vyote hamna (cha mimba kanuna mpaka sasa). Wanahisi ni chakula, alikula pweza wa barabarani. Kapewa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji).

Nesi wa Zamu: Anywe kwa kijiko, kidogo kidogo. Na soma pakiti: zipo za lita moja, zipo za nusu lita. Watu hukoroga kwenye kikombe cha chai! Akitapika damu, au asipokojoa kutwa nzima, rudini.

Kidume: Na shangazi?

Mgosi wa Ngamiani: Anasema jini limeogopa sindano. Kombe liko kwenye friji.