Tupeane uzoefu: kumpiga picha kipepeo kwa karibu akiwa juu ya ua

Binti wa Chumbageni
Ndugu zangu, habari za leo. Asubuhi nikiwa nafua, kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano alitua kwenye zinia zangu. Nilikimbilia simu, na nilichoambulia ni picha ya ua peke yake. Ninyi mnawasogeleaje?

Mstaafu
Dada, huyo bila shaka ni yule anayetaga kwenye milimau na mindimu, naye hatulii: hata mrija wake ukiwa ndani ya ua, mabawa huendelea kutetemeka, kwa hiyo mwenye kamera asishushe kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, chini ya 1/1000 ya sekunde. Anza na wale wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, ambao kitaalamu huitwa Danaus chrysippus; hao huruka polepole kwa kuwa ndege wanajua kwamba wana sumu. Inama tangu ukiwa mbali, na kivuli chako kisimpitie. Akifunga mabawa, kaa ubavuni mwake, lenzi ikabiliane na bawa sawasawa, maana kwa ukaribu huo sehemu inayoonekana vizuri ni milimita chache tu, na ukipinda kidogo utapata jicho huku bawa likibaki ukungu.

Mgosi
Naunga mkono, hasa hilo la kivuli.

Kijana wa Ngamiani
Mbona mnajitesa? Mtie kwenye friji kidogo, akipoa mweke juu ya ua, utapiga mpaka uchoke.

Mama Viwavi
Kijana, huo ni ukatili, na picha yenyewe itakuumbua. Mimi nilifuga vipepeo kule Amani, Muheza, tulipokuwa tukiuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kuwa vipepeo, Ulaya na Marekani kabla Serikali haijazuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Toka mapema, jua likiwa changa, utamkuta ametandaza mabawa anaota jua na hana haraka ya kuruka.

Kijana wa Ngamiani
Shikamoo mama. Kwa hiyo kumsafirisha mpaka Ulaya ni huruma, ila friji ni dhambi?

Mama Viwavi
Marahaba. Wa kwangu walifika wakiwa hai.

Jirani wa Raskazoni
Ninyi mnagombania friji, mimi nusura nilale mahabusu. Nilipiga magoti nje ya ua wa michongoma wa jirani, lenzi ndefu nimeipenyeza kati ya matawi, namsubiri kipepeo, kumbe upande wa pili akina mama wanasukana nywele. Mwenye nyumba alitoka na mchi mkononi, watu wakajaa, akaitwa mjumbe, naye akaamuru nionyeshe picha moja baada ya nyingine. Kipepeo, kipepeo, mrija umejikunja, mrija umenyooka. Watu wakaanza kutawanyika, mpaka ilipotokea moja ambayo nyuma ya kipepeo ilikuwa na kitu chekundu. Mume mmoja akaapa kwamba ile ni kanga ya mkewe. Mjumbe akaikuza picha mpaka mwisho, akatamka kuwa ni beseni.

Mgosi
Sasa ilikuwa kanga au beseni?

Jirani wa Raskazoni
Nilikuwa nimefungua lenzi f/2.8, tundu pana linaloacha nyuma ukungu mtupu, ndugu yangu. Hata mimi sijui.

Mstaafu
Ungepiga kwa f/11, tundu dogo linaloonyesha mpaka nyuma, tungejua.

Mama Viwavi
Ungepiga kwa f/11 angepigwa mchi.

Binti wa Chumbageni
Nawashukuru, lakini mimi nina simu tu.

Mgosi
Usikuze kwa vidole, sogea mwenyewe.

Kijana wa Ngamiani
Usisogee, atakimbia. Piga ukiwa mbali, utaikata picha baadaye.