Probu ya 10x imeandikwa MHz 200: nawezaje kuthibitisha impidansi na upana wa bendi?

Mraba_Mraba
Wakuu, nina probu ya 10x (inayopunguza wimbi mara kumi kabla halijafika kwenye osiloskopu) iliyoandikwa MHz 200, megaomu 10, pF 12. Osiloskopu ni ya MHz 100. Nina pia jenereta ya mawimbi ya omu 50 inayofika MHz 160, multimita, na mita ya LCR (ya kupima kapasitansi) ya kHz 1. Mita ya LCR inatoa namba zinazorukaruka. Halafu nikipandisha masafa, karibu na MHz 110 wimbi linavimba badala ya kupungua! Nakosea wapi?

FundiSakiti
Hayo ni mambo mawili tofauti, mkuu. Kwa kHz 1, pF 12 ina riaktansi (upinzani wa kapasita kwa mkondo wa AC) ya kama megaomu 13, na sambamba nayo kuna megaomu 10 za probu. Mkondo ni mdogo mno kwa mita ya kawaida, ndiyo maana inahangaika.

Ukinzani wa DC pima kwa multimita. Probu ikiwa imechomekwa, ncha hadi graundi isome megaomu 10. Hakikisha chaneli ya osiloskopu imewekwa DC: ikiwa AC, kapasita ya ndani inakata njia na utadhani probu imekufa. Ukiichomoa, ncha hadi pini ya kati ya BNC (plagi ya probu) isome megaomu 9.

Pikofaradi
Kapasitansi ipate kwa rizista. Kwanza rekebisha skrubu ya probu kwenye wimbi la mraba la kHz 1 hadi sehemu ya juu iwe tambarare. Kisha chomeka terminata (rizista ya kumalizia laini) ya omu 50 kwenye jenereta, na kati ya terminata na ncha weka rizista ya kilo-omu 10. Soma ukubwa wa wimbi kwa kHz 10, halafu panda hadi ubaki asilimia 70.7. Kapasitansi ni 1 gawanya kwa (2π × R × f), R ikiwa rizista na f masafa hayo. Kwa pF 12 utaangukia karibu MHz 1.33.

Mguu wa rizista unaogusa ncha ukate uwe mfupi kabisa. Kipande cha waya kikining'inia hapo, nacho kinaongeza pF zake na utaisingizia probu.

Omu50
Huo uvimbe wa MHz 110 ni waya wako wa graundi, ule wenye klipu ya mamba. Sentimita 15 ni takribani nH 150. Ukizikutanisha na pF 12, mwangwi (rezonansi, yaani wimbi kukuzwa kwenye masafa fulani) unatokea karibu MHz 119. Vua klipu na kofia ya ndoano, tumia springi fupi ya graundi kwenye shingo ya ncha, uguse terminata moja kwa moja. Bila hivyo unapima waya, si probu.

Mraba_Mraba
Nimepata MHz 1.2, yaani pF 13.3. Na kwa springi uvimbe umetoweka. Sasa upana wa bendi?

Omu50
pF 13.3 ni sawa kabisa, mpangilio wako una pF yake moja hivi.

Osiloskopu ya MHz 100 inashuka kabla ya probu, kwa hiyo chukua uwiano. Kipimo cha kwanza: jenereta, atenueta (kipunguza wimbi) ya dB 20, yaani mara kumi, terminata, moja kwa moja kwenye chaneli. Kipimo cha pili: ondoa atenueta, gusa terminata kwa probu. Atenueta inafanya chaneli ibaki kwenye skeli ileile ya volti, maana osiloskopu nyingine hupoteza upana kwenye skeli nyeti. Andika usomaji kila MHz 10, kisha gawanya wa kipimo cha pili kwa wa kwanza. Kasoro za jenereta na za osiloskopu zinafutana.

Terminata usiisahau. Inafanya probu ione omu 25, ambazo pamoja na pF 12 hukata kwenye MHz 530. Bila hiyo ni omu 50, na mkato unashuka hadi MHz 265, karibu mno na unachotafuta.

Jenereta yako inaishia MHz 160, kwa hiyo ukomo wa MHz 200 hutaufikia. Utakachoweza kusema ni kwamba hadi MHz 160 haijashuka dB 3, yaani hadi asilimia 70.7.

Pikofaradi
Na swichi ibaki 10x muda wote. Kwenye 1x probu nyingi za aina hii hukomea MHz 6 hadi 10.