Mkono hukakamaa nikifungua daftari zuri la kuchorea: nifanyeje?

Penseli Butu
Habari zenu ndugu wachoraji, na shikamooni kwa wale mlionizidi umri. Mimi ni karani wa stoo, sikusomea sanaa, ila tangu utotoni nina mazoea ya kuchorachora kwa kalamu ya wino kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Juzi, nikisubiri lori limalize kushusha saruji, nilichora kwenye kipande cha mfuko uliochanika jogoo mwenye mkia kama ufagio wa chelewa, ameshika mwavuli. Haikuchukua hata dakika mbili, na wapagazi waliangua kicheko. Nilipofika nyumbani nikamchora tena katika daftari la kuchorea nililonunua kwa fedha nyingi, kwa penseli na kifutio, saa nzima. Miguu ilikaa sawa na manyoya yakapangika, lakini jogoo hakuwa na uhai tena. Naomba mnieleze ni nini kinachopotea hapo katikati, na kama ipo njia ya kulitumia daftari hilo bila mkono kukakamaa.

Kaunta Buku
Ndugu yangu, kinachopotea ni mwendo wa mkono. Kwenye mfuko wa saruji ulikuwa unamtafuta jogoo, kwa hiyo mstari ulitoka mara moja; nyumbani ulikuwa unaufuata mstari uliokwisha kupita, ukausogeza kidogo kidogo, na kila uliposita jicho linapaona. Liweke daftari kabatini kwa mwezi mmoja au miwili. Nunua kaunta buku la kawaida la mistari, tumia kalamu ya wino peke yake kwa sababu haifutiki, na utege saa ya simu: kwanza sekunde 30, kisha dakika moja, kisha mbili. Wanaojifunza kuchora mwili wa binadamu huanza somo kwa mikao mifupi ya namna hiyo, ili mkono ukamate mwelekeo wa mwili kabla ya kuhangaika na vidole na kucha. Ngamia wangu wa kwanza wa sekunde 30 alikuwa nundu na shingo tu, lakini kila aliyemwona alimtambua.

Wala usione aibu kutumia vifaa vya bei ndogo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vibao vya masonaiti na rangi ya kupakia baiskeli, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Mama Tunu
Marahaba, mwanangu. Mimi na mjukuu wangu tuna mchezo wetu wa jioni: mmoja anafumba macho na kuzungusha kalamu ovyo, mwenzake anatafuta mnyama aliyejificha ndani ya mistari hiyo. Wiki iliyopita sambusa iliacha doa la mafuta kwenye karatasi, mtoto akasema ni kiboko. Nikaongeza matundu mawili ya pua na masikio madogo, naye akaongeza mkia, tukapata kiboko aliyelala chali. Kuhusu daftari lako, nadhani unaogopa ule ukurasa wa kwanza mweupe. Mpe mtoto auchafue, kisha wewe uanze na wa pili.

Mstari Mrefu
Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa kwa jambo moja: sioni sababu ya kulifungia daftari kabatini, wala ya kuiacha penseli. Katsushika Hokusai wa Japani, yule wa wimbi kubwa ambalo wengi wetu tumeliona, alianza kuchapisha mwaka 1814 juzuu za vichoro vidogo vya watu, ndege, samaki na mizimu, na humo mmejaa watu wanene, watu wembamba na watu wanaokunja nyuso kwa kuchekesha. Mkono uleule ulifanya kazi za haraka na za subira. Kosa lako, kwa maoni yangu, lilikuwa kunakili. Kifiche kile kipande cha mfuko, umchore jogoo kwa kumbukumbu mara tano au sita bila kupumzika, halafu uchague mmoja. Kile kipande chenyewe kibandike ndani ya daftari kama kilivyo, pamoja na vumbi lake.

Penseli Butu
Nawashukuru sana nyote. Jana usiku nimemchora jogoo mara sita kwa kumbukumbu. Watatu wa kwanza walikuwa wagumu kama vinyago. Wa nne ana mguu mmoja tu, maana niliusahau wa pili, lakini mwavuli wake umepinduliwa na upepo na shingo imeinama kuufuata, jambo ambalo sikulipanga kabisa. Huyo ndiye niliyemchagua. Kipande cha mfuko nimekibandika ukurasa wa tatu kwa gundi ya unga wa ngano. Ukurasa wa kwanza nimempa binti yangu wa miaka minne, naye ameujaza vistari virefu kutoka juu hadi chini, akasema ni mvua ya jogoo.